Jinsi ya Kusoma Mchanga: Mwongozo Kamili wa Kutofautisha Mchanga wa Fukwe na wa Majangwa

Weka mezani vijiko vinne vya mchanga mweupe: kimoja cha Siesta Key huko Florida, cha pili cha White Sands katika jimbo la New Mexico, cha tatu cha kisiwa chochote cha Maldivi, cha nne cha Bahama. Kwa macho matupu utaapa vyote vimetoka shimo moja. Kumbe cha kwanza ni kwatsi, madini magumu yaliyosagika kutoka milima ya Appalachia. Cha pili ni jasi, ile ile ya kutengenezea plasta. Cha tatu ni mabaki ya matumbawe na viumbe wengine wa baharini. Cha nne, kwa sehemu kubwa, ni vijiduara vya chokaa vilivyojijenga majini tabaka juu ya tabaka, vikifanana na mayai ya samaki.

Kwa hiyo rangi, ambayo ndiyo kila mtu huanza nayo, ni shahidi dhaifu. Katika mwongozo huu nimeiweka karibu na mwisho kwa makusudi. Mchanga unajibu vizuri maswali mawili: umetokana na nini, na umesafirije mpaka hapo ulipo. Vipimo vinavyofuata vinafanyika nyumbani, na ukivifanya kwa mpangilio huu utaweza kutenganisha vijiko vile vinne kwa muda wa saa moja hivi.

Vifaa

Kifaa kisicho na mbadala ni lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ukiishikilia mbele ya kamera ya simu unapata picha unazoweza kuzitazama kwa utulivu baadaye. Vilivyobaki ni vya kawaida: siki nyeupe, sumaku (ile ndogo yenye nguvu ya neodimiamu ni bora zaidi), rula ya milimita, utepe wa gundi, karatasi moja nyeusi na moja nyeupe, mtungi wa kioo wenye mfuniko, karai dogo la plastiki, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, chupa tupu ya kioo usiyoijali, na mifuko midogo ya kufungika.

Hatua ya 1: Chota mahali panapolingana

Watu wengi huchota pale walipoketi, kisha wanashangaa sampuli mbili za ufukwe mmoja zinapopishana. Ufukwe mmoja una michanga mitatu au minne. Wimbi linapopanda huleta kila kitu. Linaporudi huondoka na chembe nyepesi na kuacha zile nzito. Ndiyo maana baada ya dhoruba utaona michirizi myeusi au ya zambarau karibu na mstari wa maji kujaa, hata kama ufukwe wenyewe ni mweupe. Tuta lililo nyuma ya ufukwe nalo lina mchanga uliochaguliwa na upepo, si na maji.

Ili kulinganisha fukwe mbili kwa haki, chota katikati ya mteremko unaolowa, kati ya maji kupwa na maji kujaa, na uingie sentimita mbili au tatu chini ya uso. Uso wenyewe unakueleza habari za jana tu. Halafu chota sampuli ya pili kwenye mchirizi mweusi, kama upo, na uiweke mbali na ile ya kwanza.

Jangwani, tuta moja lina sehemu tatu za kuchota: upande unaopigwa na upepo, kileleni, na ule mteremko mkali wa upande wa pili ambako mchanga huporomoka. Mteremko huo huwa na nyuzi 30 hadi 34, kwa sababu mchanga mkavu haukubali kusimama zaidi ya hapo. Kuwa mwangalifu na viwimbi vidogo vilivyo juu ya tuta. Katika viwimbi vya upepo chembe kubwa hukaa migongoni na ndogo hujificha mabondeni. Ukikwangua migongo tu utaondoka ukidhani jangwa zima lina mchanga wa chembe kubwa.

Vijiko vitatu vya chakula vinatosha kwa vipimo vyote. Andika papo hapo mahali, tarehe, sehemu uliyochota, na kama ufukwe una mwinamo mkali au wa taratibu. Taarifa hiyo ya mwisho wengi huiacha, na nitaonyesha kwa nini ni ya thamani.

Jambo la sheria lisipuuzwe. Kuna maeneo ambako hata kijiko kimoja ni kosa. Katika hifadhi ya White Sands hairuhusiwi kuondoka na mchanga, Hawaii sheria inakataza kuuchukua fukweni, na kisiwa cha Sardinia nchini Italia kina sheria ya mwaka 2017 inayotoza faini ya kati ya euro 500 na 3,000. Mahali pa namna hiyo fanya ukaguzi wako palepale kwa lenzi, piga picha, uache mchanga ulale kwao.

Hatua ya 2: Osha nusu, nusu iache

Gawa sampuli mara mbili. Nusu moja usiiguse kabisa. Nyingine, kama ni ya ufukweni, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu au nne, kisha itandaze kwenye karatasi ikauke. Usipofanya hivyo chumvi hukauka juu ya chembe, na chini ya lenzi utaona vijisanduku maridadi vinavyong'aa ambavyo utavishangilia bure.

Wakati wa kuosha, pima tope. Tia mchanga robo ya mtungi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Chembe ndogo kabisa ya kwatsi inayostahili kuitwa mchanga huzama karibu milimita 3 kwa sekunde, kwa hiyo katika maji ya kina cha sentimita 10 mchanga wote huwa umetua kabla dakika moja haijaisha. Kinachobaki kikielea baada ya hapo si mchanga. Ni vumbi la mwamba na udongo wa mfinyanzi. Ufukwe unaopigwa na mawimbi makubwa hutoa maji yanayotakata upesi. Mchanga wa karibu na mdomo wa mto, au wa ghuba tulivu, huacha maji yenye ukungu wa tope kwa masaa.

Mchanga unaoushuku kuwa jasi usiuoshe kwa maji mengi. Utapungua mkononi mwako.

Hatua ya 3: Pima ukubwa kwa rula

Kwa wanajiolojia, mchanga ni chembe yoyote yenye upana wa kati ya milimita 0.0625 na 2, iwe ya mwamba, ya gamba, ya chuma au ya kioo. Kipimo hicho kilipangwa na Johan August Udden na kukamilishwa na Chester Wentworth mwaka 1922. Juu ya milimita 2 ni changarawe. Ndani ya mipaka hiyo mchanga hugawanywa kwa kukata nusu kila mara: kuanzia milimita 1 hadi 2 ni wa chembe kubwa sana, 0.5 hadi 1 ni wa chembe kubwa, 0.25 hadi 0.5 ni wa wastani, 0.125 hadi 0.25 ni laini, na chini ya hapo ni laini sana.

Huhitaji chekecheo za maabara. Bandika utepe wa gundi kandokando ya rula, upande wenye gundi ukiangalia juu. Nyunyiza chembe chache, kisha kwa ncha ya sindano zipange zigusane mstari mmoja wa milimita 10. Hesabu. Chembe 20 maana yake wastani ni milimita 0.5, chembe 40, milimita 0.25. Rudia sehemu tatu tofauti.

Kisha angalia kama chembe zinalingana. Upepo ni mchaguzi mkali kuliko maji. Vumbi huinuliwa angani na kwenda mbali, la Sahara huvuka Atlantiki nzima. Changarawe haiinuki hata kidogo. Katikati hubaki chembe za kiasi cha milimita 0.15 hadi 0.3, ambazo upepo unaweza kuzirusharusha karibu na ardhi. Tuta la jangwani kwa hiyo huwa na chembe zinazokaribiana sana. Mchanga wa mto huwa mchanganyiko wa kila saizi, na wa ufukweni hukaa katikati ya hao wawili.

Hapa ndipo mwinamo unapoingia. Ufukwe wenye chembe kubwa huwa na mteremko mkali, na wenye chembe laini huwa karibu tambarare. Sababu ni nafasi zilizo kati ya chembe. Wimbi likipanda juu ya chembe kubwa, maji mengi huzama ndani ya ufukwe, hivyo yanayorudi hayana nguvu ya kuburuta mchanga baharini, mchanga hurundikana. Kwenye mchanga laini maji hayapati pa kuzama, hurudi yote juujuu na kuusawazisha. Kama daftari lako linasema mteremko mkali na rula inasema chembe laini, kuna kitu si cha kawaida. Mara nyingi ni mchanga ulioletwa kwa malori au kwa mabomba ili kujaza ufukwe uliomomonyoka.

Hatua ya 4: Siki

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechagua hiki. Chokaa, iwe ya gamba, tumbawe au mwamba, hupambana na asidi na kutoa hewa ya ukaa. Kwatsi, jasi, mawe ya volkano na madini mazito hayashughuliki nayo.

Lipo kosa moja linaloharibu majibu ya watu wengi. Mchanga mkavu ukimwagiwa kimiminika chochote hutoa mapovu, kwa sababu hewa iliyokuwa kati ya chembe inatoka. Kwa hiyo weka nusu kijiko cha mchanga kwenye kisahani, lowesha kwa maji, koroga mpaka mapovu yote yaishe, mwaga maji ya ziada. Sasa ndipo tia siki na uinamie na lenzi. Unachotafuta si povu kubwa linalopanda mara moja na kutoweka. Ni vijipovu vidogo mno vinavyozaliwa juu ya chembe yenyewe, vinakua, vinaachia, na vingine vinazaliwa palepale. Baadhi ya chembe utaziona zikiinuliwa na mapovu yake zenyewe, zikageuka na kuanguka tena. Siki iliyopashwa moto kidogo hufanya kazi haraka zaidi.

Ukitaka namba, pima gramu 10 za mchanga mkavu uliooshwa na uzamishe kwenye siki. Gramu moja ya chokaa hula karibu mililita 24 za siki ya asilimia 5, kwa hiyo gramu 10 za mchanga wa matumbawe mtupu zinahitaji si chini ya mililita 240. Mimi huweka mara mbili yake na kuibadilisha siku ya pili. Usifunge mfuniko, hewa inahitaji kutoka. Mapovu yakikoma kabisa hata baada ya siki mpya, osha, kausha, pima tena. Uzito uliopotea ni chokaa. Kilichobaki kihifadhi, maana ndicho kitakachokwenda kwenye sumaku.

Turudi kwenye vijiko vyetu vinne. Cha Maldivi na cha Bahama vitachemka na kuyeyuka karibu vyote. Cha Siesta Key, ambacho takriban asilimia 99 ni kwatsi, kitakaa kimya. Cha White Sands kitakaa kimya vilevile, na hapo tunahitaji kipimo cha ugumu. Chukua chembe moja kwa ncha ya kijiti cha mbao na uisugue kwa kuikandamiza juu ya chupa ya kioo. Kwatsi ina ugumu wa 7 na kioo takriban 5.5, itaacha mchubuko unaousikia kwa ukucha. Jasi ina ugumu wa 2, hata ukucha unaiparuza. Itasagika kuwa unga. Ukibaki na shaka, tia gramu moja katika lita ya maji safi na utikise mara kwa mara kwa siku nzima. Jasi huyeyuka kwa kiasi cha gramu 2 hivi kwa lita, kwa hiyo itatoweka. Kwatsi itakusubiri hapo mpaka uzeeke.

Na swali linakuja lenyewe: jasi inayoyeyuka majini inawezaje kujenga matuta ya kilomita za mraba zaidi ya 700? Jibu ni kwamba bonde la Tularosa, lilipo White Sands, halina mto unaotoka kwenda baharini. Mvua huyeyusha jasi milimani na kuishusha bondeni, maji yanakauka, fuwele zinabaki, upepo unazivunja na kuzirundika. Penye mto unaotoka, jasi ingeshafikishwa baharini. Ndiyo maana matuta ya jasi ni nadra, na hilo la New Mexico ndilo kubwa kuliko yote duniani.

Hatua ya 5: Sumaku na karai

Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki kwanza. Chembe za chuma zikishika sumaku tupu utazing'oa moja moja kwa wiki nzima. Ipitishe juu ya mchanga mkavu, isogeze juu ya karatasi nyeupe, kisha uitoe ndani ya mfuko: chembe zinaanguka zenyewe.

Zinazoruka kuifuata sumaku zikiwa bado mbali ni magnetiti, madini meusi ya chuma. Zinazokubali kushikwa na sumaku kali tu, tena ikigusa kabisa, huenda zikawa ilmeniti (madini meusi ya chuma na titani), ganeti (madini mekundu au ya zambarau), au vipande vya basalti, jiwe jeusi la volkano, vyenye magnetiti kidogo ndani. Tofauti hiyo inatenganisha fukwe nyeusi zinazofanana kwa sura. Mchanga mweusi wa Reynisfjara huko Aisilandi na wa Punaluʻu huko Hawaii kwa sehemu kubwa ni basalti na kioo cha volkano. Sumaku huuvuta kivivu. Mchanga mweusi wa pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi umejaa titanomagnetiti, yaani magnetiti yenye titani, kutoka volkano ya Taranaki, na huo hurukia sumaku kwa mafungu.

Baada ya sumaku, karai. Tia vijiko viwili vya mchanga na maji, zungusha kwa mwendo wa wachimba dhahabu, na kila mzunguko uache maji yachukue kilicho juu. Kwatsi ina uzito wa mara 2.65 ya maji, zirkoni na ilmeniti karibu mara 4.7, magnetiti mara 5.2. Baada ya dakika chache utakuwa na mwezi mwandamo mdogo wa chembe nyeusi, nyekundu na zisizo na rangi chini ya karai. Huo ndio muhtasari wa miamba yote ambayo mchanga umepitia, na bahari hufanya kazi iyo hiyo kwa kiwango kikubwa. Matuta ya mchanga ya Kwale, pwani ya Kenya, yalichimbwa kuanzia 2013 hadi mwishoni mwa 2024 kwa ajili ya madini mazito ya ilmeniti, rutili na zirkoni yaliyojikusanya humo.

Hatua ya 6: Umbo na uso wa chembe

Mchanga mweupe utazame juu ya karatasi nyeusi, mweusi juu ya nyeupe, na mwanga utoke ubavuni, si juu. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mikwaruzo.

Anza na kona. Chembe yenye kona kali haijatembea sana, au ni ndogo mno kiasi kwamba maji yanailinda: utando wa maji huzuia chembe ndogo zisigongane kwa nguvu. Hewa haina huruma hiyo. Philip Kuenen, mwanajiolojia wa Uholanzi, alionyesha kwa majaribio yake kwamba upepo huviringa chembe za kwatsi kwa kasi kubwa mno kuliko mto. Kwa hiyo chembe kubwa ya kwatsi iliyo duara kabisa ina historia ya jangwani mahali fulani, hata kama leo umeiokota ufukweni.

Halafu uso. Kwatsi iliyosuguliwa na mawimbi huwa angavu. Iliyogongwagongwa na upepo huwa na ukungu, haipitishi mwanga vizuri, na ukiilowesha ukungu unapungua kwa muda. Nenda kwa tahadhari hapa. Kuna imani iliyoenea kwamba kila chembe ya jangwani ni duara na yenye ukungu, na hilo si kweli. Majangwa mengi hupokea mchanga kutoka mito, na chembe nyingi bado zina kona kwa sababu hazijakaa kwenye upepo muda wa kutosha. Ukungu na uduara ukiviona pamoja, amini. Usipoviona, usihitimishe kwamba si jangwa.

Jambo hili lina uzito hata kwenye ujenzi. Inasemwa mchanga wa jangwani haufai kwa zege kwa sababu ni duara, na nchi za Ghuba huagiza mchanga ilhali zimezungukwa nao. Uduara ni sehemu tu ya sababu. Tatizo jingine ni kwamba chembe zake ni laini na zinalingana mno, hivyo hakuna ndogo za kujaza nafasi za kubwa. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi inayoozesha nondo.

Kwa mchanga wa chokaa, sahau kona na utafute maumbo ya viumbe. Vijiduara kama mayai ya samaki ni vile vya kijiko cha Bahama. Vipande vyenye vitundu vidogo vilivyopangika ni matumbawe. Vibapa vyembamba vyeupe vyenye matundu ni mwani wa Halimeda, ambao hujijengea chokaa mwilini na ukifa huvunjika. Vijiti vyenye mistari ya urefu ni vipande vya miiba ya viumbe wa baharini wenye mwili wa mviringo. Vipande laini visivyo na sura maalumu huenda vimepita tumboni mwa samaki: pono hutafuna matumbawe ili apate mwani, na chokaa iliyosagika huitoa ikiwa mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa kilo mia kadhaa kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mchanga wa visiwa vya Maldivi imepita njia hiyo. Sijawahi kuona mgeni wa ufukweni akiambiwa habari hii akabaki amelala kwa namna ile ile.

Maumbo mengine hukutajia mahali moja kwa moja. Nyota ndogo zenye ncha tano au sita ni maganda ya Baculogypsina, kiumbe wa seli moja, na fukwe za Taketomi na Iriomote kule Okinawa zinajulikana kwa hizo. Makombe madogo meupe mazima, bila mchanga mwingine wowote, yanapatikana Shell Beach katika Shark Bay, Australia Magharibi, ambako maji yana chumvi karibu mara mbili ya bahari ya kawaida na maadui wa mnyama mwenye makombe hayo hawawezi kuishi.

Hatua ya 7: Rangi, sasa inaruhusiwa

Itazame ikiwa kavu, halafu ikiwa imeloa, kwenye mwanga wa mchana.

Wekundu huja kwa njia mbili. Katika jangwa la Namib ni utando wa kutu ya chuma uliofunika chembe za kwatsi. Chini ya lenzi utaona wekundu umejikusanya kwenye vishimo na kona zimechujuka. Mchanga huo mwingi ulishushwa na mto Orange, ukasukumwa kaskazini na mikondo ya pwani, kisha upepo ukaupeleka bara. Karibu na bahari matuta yamepauka. Kuelekea Sossusvlei, ndani ya bara, yanazidi kuwa mekundu, kwa kuwa yamekaa muda mrefu zaidi. Njia ya pili ni wekundu au zambarau iliyo ndani ya chembe nzima, angavu, isiyo na utando: hiyo ni ganeti, na ndiyo inayopaka rangi mchanga wa Pfeiffer Beach huko Kalifornia.

Mchanga wa waridi wa Bermuda ni kitu kingine kabisa. Ni maganda mekundu ya Homotrema rubrum, kiumbe mdogo anayeishi chini ya matumbawe, yaliyochanganyika na chokaa nyeupe. Siki inaumaliza.

Kijani ni nadra na kina habari nzuri. Mchanga wa Papakōlea, Hawaii, ni olivini, madini ya kijani ya volkano, iliyotoka kwenye kilima cha volkano kinachomomonyolewa na bahari; majivu mepesi yanaondoka, olivini nzito inabaki. Olivini huoza haraka kwenye hewa na maji, kwa hiyo ukiikuta kwa wingi ujue chanzo chake kiko hatua chache kutoka hapo. Felspa, madini ya kawaida ya granaiti, iwe ya waridi au nyeupe, nayo hueleza hivyo kwa upole zaidi: kwenye nchi za joto na mvua nyingi hugeuka udongo wa mfinyanzi, lakini kwenye baridi na ukavu hudumu.

Kahawia ya kawaida, ile ya fukwe nyingi, haina jibu moja. Hiyo iachie vipimo vilivyotangulia.

Hatua ya 8: Unganisha ushahidi

Tuseme una sampuli ya rangi ya krimu. Rula inahesabu chembe 33 kwa sentimita, yaani milimita 0.3. Gramu 10 zimetoka kwenye siki zikiwa 6. Kati ya zilizobaki, nyingi ni kwatsi angavu yenye kona zilizolainika kidogo, chache ni felspa ya waridi yenye kona kali, na sumaku imenyakua chembe kidogo tu.

Asilimia 40 ya chokaa inasema kuna viumbe wengi wa baharini karibu, mwamba wa matumbawe au makombe. Lenzi iliyotumika kabla ya siki itakwambia ni kipi. Asilimia 60 yaelekea imeletwa na mto. Felspa yenye kona kali inasema mto huo si mrefu, au milima ya granaiti iko karibu na pwani. Kwatsi angavu inapunguza uwezekano wa mchanga kupeperushwa kutoka jangwani, ingawa haiuondoi kabisa. Sasa fungua ramani utafute mto na miamba hiyo. Ukikosa vyote viwili, rudia Hatua ya 4, maana mara nyingi siki haikutosha.

Usisahau mkono wa binadamu. Chembe angavu zenye rangi kali ya buluu au kijani huenda ni chupa zilizosagwa na mawimbi. Zilizo nyepesi mno, zinazoelea kwenye karai, ni plastiki. Mwaka 1988 wanajiolojia Earle McBride na Dane Picard walichukua mchanga wa Omaha Beach, Normandy, Ufaransa, na walipouchunguza baadaye wakakuta vipande vya chuma na vijigololi vya kioo na chuma kutokana na milipuko ya Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1944. Hadi asilimia 4 ya mchanga ule ilikuwa vipande vya chuma. Ukipata chuma kisichoelezeka, chunguza kama kina kutu na tabaka kabla ya kukiita magnetiti.

Kuhifadhi na kurudia

Kausha kabisa kabla ya kufunga, la sivyo ukungu utaota kwenye mabaki ya viumbe. Chupa ndogo za kioo ni bora kuliko plastiki, kwa kuwa chembe laini hunata kwenye plastiki. Usichekeche mchanga mkavu ndani ya chumba kilichofungwa bila barakoa. Vumbi la kwatsi huumiza mapafu. Lebo moja iwe nje, nyingine ndani ya chupa, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufifia.

Kisha rudi mahali palepale baada ya msimu wa mawimbi makubwa na uchote tena kwa utaratibu uleule. Dhoruba hukokota mchanga laini na kuuacha nje kidogo ya ufukwe, mawimbi tulivu huurudisha polepole, kwa hiyo chupa mbili za mahali pamoja zinaweza kutofautiana kuliko chupa za fukwe mbili. Ufukwe mzima pia unaweza kutoweka: ule mweusi wa Kaimū, Hawaii, ulizikwa na lava mwaka 1990. Kwenye lebo, kando ya tarehe ya kuchota, andika pia tarehe ya dhoruba ya mwisho.